Obusuma ya Mtu Ambaye Hajafika

Wewe Kamusi wangu, mjukuu wa kuuliza maneno, habari ya Nairobi? Huku Mautuma tuko salama. Goti la nyanya yako limepoa, na ile ng'ombe nyeusi imezaa.

Umeniuliza "surplus" ni nini. Ni kile kinachobaki watu wakishatosheka! Ilitoka Kilatini, ikapitia Kifaransa, na maana yake ya zamani ni "zaidi, tena juu". Huku utaisikia sana mahindi ikivunwa.

Mimi niliipata kwa kitabu mzungu wa shamba hili alisahau, uhuru ikiwa bado mpya. Nikaisema kutwa nzima! Sasa, mama yangu akipika obusuma, ugali yetu, aliwekanga donge moja la mgeni ambaye hajafika. Mahindi yetu ilikuwa inaisha. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni surplus! Wacha!"

"Haya, mwalimu wa kujifundisha," akasema, akapika ya kututosha tu.

Tulikuwa tumemaliza kula, mwanamke akabisha hodi na watoto wawili. Walitembea tangu asubuhi kuja kwa shamba lao jipya, jirani na letu. Mama akaangalia sufuria tupu. Mimi hakuniangalia. Akatoa unga ya kesho, akawasha moto tena. Wale watoto walisinzia kabla maji haijachemka.

Kitabu changu haikukosea maana. Lakini haikujua nani bado yuko njiani.

Sasa unajipikia huko, mjukuu wangu, na unga ni kidogo. Wewe ungepika ya watu wangapi?