Makorongo ya Mikumi

Kambi ya mkonge, Kilosa
2 Desemba 1953

Baba mkubwa Cornel,

Shikamoo. Hatujambo, ila Ida anaota jino, hatulali. Marko mkonge umemchoma mikono lakini mzima. Kifua chako je?

Nimesoma habari yako katika gazeti la misheni: “Makorongo yamefika Mikumi. Leo yako nyuma ya nyumba yangu.” Nimeshtuka. Mvua hizi! Nikawasomea kina mama, Siwema akasema, “Hilo korongo litammeza mzee wako na kitanda chake.” Halafu unasema yanasimama kwa mguu mmoja. Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Siwema anasema ni mafumbo ya wazee. Na mbona unaandika kama umefurahi? Hama, baba. Marko atakuja kubeba mizigo.

Mwanao,
Generoza

Mikumi
11 Desemba 1953

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimetulia. Mpe pole mjukuu wangu.

Sihami. Korongo ni ndege, yule mrefu wa miguu myekundu. Niliandika “wamefika”, gazetini wakanisahihisha. Bwana Shamba naye kaja na watu wa majembe kuziba shimo. Nikamwonyesha juu ya mti, akanitazama kama nimerukwa na akili.

Miaka yote naandika habari za ndege na mito, sijapata neno la msomaji. La kwanza ni lako, nawe umesoma shimo. Basi, nimeacha kuandika.

Baba yako mkubwa

Kilosa
20 Desemba 1953

Baba mkubwa,

Shikamoo. Jino limetoka, tunalala.

Nimesoma upya, nikaweka ndege mahali pa shimo. Pale unaposema wanasimama kama mtu aliyesahau alichofuata, nimecheka peke yangu. Siwema anasema yeye alijua toka mwanzo.

Jana nikimpelekea Marko uji nikawaona, weupe, katikati ya mistari ya mkonge, wanaokota vitu. Siku zote napita tu. Nikasimama mpaka uji ukapoa, Marko akanuna. Sijui umenifanya nini. Usiache, baba. Nataka Ida akikua akusome.

Mwanao,
Generoza

Mikumi
14 Februari 1954

Mwanangu Generoza,

Marahaba. Nisamehe ukimya, na msalimie Marko.

Hao wa kwenye mkonge walikuwa wanaokota nini? Viwavi, au panzi? Kama hukuona, rudi ukatazame kabla hawajaondoka. Nimekwama katikati ya ukurasa, nakungoja wewe.

Baba yako mkubwa