Chupa Anazopeleka Dobi

Jumatatu, 4 Machi
Majibu tena — safi. Kaka anaharisha tangu kabla ya mwaka mpya, kinga imeshuka mno, suruali zinamning'inia, na maabara inasema safi! Daktari anataka choo kwa mara ya mwisho. Kisipoonekana kitu, atahesabu kuwa ni virusi vyenyewe vya UKIMWI vimeshambulia utumbo, na hawatatafuta tena. Kaka akaitikia sawa daktari, kwa zile adabu zake za kaunta.

Kurudi nikapitia dukani kwake kwa udobi. Pasi zimepoa, harufu ya wanga bado ipo. Zamani nikitoka shule nilikaa chini ya meza yake ya kupigia pasi na madaftari yangu, mvuke ukinishukia, yeye akipiga mluzi. Hakuna mtoto aliyekuwa na sare iliyonyooka kama yangu. Nilivyokuwa naringa!

Alhamisi, 7 Machi
Siku mbaya. Alishindwa kurudi kutoka msalani, nikambeba. Mwepesi! Yeye ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni mvua ikinyesha, eti nisichafue soksi alizofua. Akanitania kwamba nimeota misuli, niende dukani nikakamue mablanketi. Nikacheka. Kisha nikaenda jikoni kulia.

Jumapili, 10 Machi
Leo nimeingia chumbani bila kubisha. Kaka kashika chupa ya maabara, anamimina humo kifuniko kizima cha dawa ya kung'arishia mashuka! Nikamuuliza anafanya nini. Akasema hufanya hivyo kila mara, ili isinuke.

"Sasa nimpe mtu uchafu mkononi? Mimi?"

Kila mara! Nilitaka kupiga kelele. Nikamtazama zile kucha, bado kazikata vizuri, hasira ikaniishia. Miaka yote amewarudishia watu mashuka meupe bila kuuliza madoa yametoka wapi. Nikamweleza taratibu kuwa dawa hiyo inaharibu kile kile wanachotafuta. Kisha akauliza kama mtu wa maabara atamcheka.

Jumatano, 13 Machi
Naandika kwenye benchi, nje ya maabara. Asubuhi tumeleta chupa mpya, haina kitu ila choo chenyewe. Mtu wa maabara — tunamwita Miwani — nilimweleza yote. Hakucheka. Alisema humo ndani kila kitu kinanuka dawa hiyo hiyo, angehisi vipi? Akaahidi kutumia rangi maalumu, kuna vijidudu havionekani bila hiyo.

Kaka kavaa shati jeupe, kalipiga pasi mwenyewe akiwa ameketi. Nimemwegemea begani nikanusa. Utoto wangu wote umo humo.

Miwani kafungua mlango. Badala ya kutupatia karatasi ya majibu, kamshika kaka mkono, kamwingiza, kamkalisha mbele ya hadubini. Nawaona kutoka hapa. Daktari kaitwa. Kama dawa ya kumtibu ipo, au kama mwili wa kaka utaiweza, hakuna aliyesema bado.

Kaka kainama muda mrefu. Nikadhani amezidiwa, nikanyanyuka. Ndipo nikamsikia.

"Kumbe ni wadudu," anamwambia Miwani. "Mimi nilidhani ni mimi ninayeoza."

Daktari kapita mbele yangu, anamwomba asogee kidogo naye aone. Kaka hajasogea.