Baba Mkwe Anasoma Riwaya Zangu za Mapenzi, Sina pa Kuuweka Uso

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba unifikie kabla ya Jumapili, maana Jumapili wifi yangu anakuja kututembelea na akishika kile kibao cha kusomea cha baba yake mimi nimekwisha.

Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni fundi wa friji, na tunaishi na baba yake, mwalimu mkuu mstaafu aliyefundisha hesabu mpaka mtaa mzima ukamwita Mwalimu Rula. Tangu mama mkwe alipotutoka mzee akazimika kabisa, anakaa kibarazani na chai inapoa mkononi, ukimsemesha anajibu "sawa" hata kama hujamuuliza kitu. Zamani yeye na mama walikuwa wakisikiliza mchezo wa redio kila jioni na kubishana nani mwenye makosa mpaka chai inafurika inamwagikia jiko, na sisi tulikuwa tunalalamikia kelele, sasa tunazitamani.

Basi wifi yangu, ambaye ni karani wa benki na mdomo wake hauna breki, akamnunulia baba yake kibao cha kusomea vitabu, kile chembamba cha kielektroniki kisichokuwa na video wala muziki, ni vitabu tu, na maandishi unaweza kuyakuza yakawa makubwa kama ya bango, kwa kuwa macho ya mzee siku hizi yanagoma, na kwa kuwa mimi ninacho changu siku nyingi nikaambiwa, "Wifi, wewe ndiye mtaalamu, mwandalie baba." Kikaomba barua pepe, mzee hana barua pepe, nikaweka yangu. Mshauri, nilidhani ni kama kumwazima mtu sanduku la posta. Sikujua kwamba kila kitabu nilichowahi kununua kitashuka humo chenyewe, na mimi sisomi vitabu vya kilimo. Nasoma mapenzi. Nasoma wanawake wanaobusiwa kwenye mvua.

Mzee alipouliza vitabu vile vimetoka wapi nikamjibu, "Kimekuja navyo, baba, vimo tu humo," nikakimbilia jikoni, nikajipa moyo kwamba akiona yale majalada atavisusa. Hakususa. Siku chache baadaye nimeegemeza kibao changu kwenye cherehani wakati wa mapumziko ya mchana, nafungua riwaya yangu ya mwanamke mwoka mikate na daktari wa mifugo, kinaniuliza: "Kifaa kingine kimefika mbele zaidi. Uende huko?" Nikabonyeza bila kufikiri, kikanitua kwenye busu la kwanza, na pale daktari anapotamka kwamba anampenda pamepigiwa mstari, na pembeni pameandikwa: "Hoja nzuri, ila amechelewa kuiwasilisha." Siku hiyo nilishona mfuko mgongoni mwa shati la watu.

Tangu hapo sina amani, kila sura ina maoni yake. Mwoka mikate akidanganya: "Aonyeshe njia aliyotumia kupata jibu hili." Daktari akilia: "Afadhali." Na mezani anatuuliza maswali, wiki iliyopita kamgeukia mume wangu, "Hivi wewe, mwanamke akikuandikia barua ya kukuomba radhi, utaichoma kabla ya kuisoma?" Mume wangu hajui chochote, akaniambia pembeni, "Baba ameanza kuchanganyikiwa, tumpeleke hospitali," na mimi nikajifanya nakohoa.

Siwezi kukana kwamba mzee amebadilika, ananyoa ndevu, anacheka peke yake kibarazani, chai anaimaliza. Lakini kumwamkia tu asubuhi nashindwa kumtazama, baba mkwe wangu mzima anasoma ninayoyasoma, ingawa namshukuru Mungu hajui kwamba ni yangu. Nikaamua niache kusoma kabisa asije akagundua, na kwa bahati maagizo ya sare za shule yalikuwa yamenifunika, ila juzi nilipochungulia nikakuta naye amesimama palepale nilipoishia mimi, mwisho wa sura ambayo daktari anaichoma barua ya mwoka mikate bila kuisoma, ameandika tu, "Alipaswa aisome kwanza. Au?" Na asubuhi yake akaniuliza kwa upole, "Kazi zimekuwa nyingi mno, mwanangu? Hata kupumzika kidogo hupati?" Nikaona jinsi mzee alivyo na huruma na mimi namficha mambo, nikazidi kuumia.

Sasa wifi anakuja kumwekea vitabu vya shinikizo la damu. Akikifungua kile kibao atakutana na wanaume waliofungua vifungo vya shati mpaka kitovuni, na habari itauzunguka ukoo wote kabla hatujanawa mikono. Kidole changu kiko juu ya kitufe cha kufuta. Nifute vyote? Au nimtenganishie akaunti kimyakimya, abaki na hivyo vya shinikizo la damu? Nisaidie, nitachekwa nikiwa hai.

Ni mimi, Fundi Nyuzi

MSHAURI ANAJIBU

Fundi Nyuzi, kwanza toa kidole kwenye kitufe. Nimesema toa. Haya, sasa tuongee.

Pole, aibu yako naielewa, na sitakuficha kwamba nimeicheka barua yako mpaka mhariri akaja kuchungulia kuna nini. Lakini, dada yangu, mtu aliyesahihisha madaftari ya hesabu maisha yake yote, unamwambia kibao kimetoka dukani na wanawake wanaobusiwa mvuani, halafu unadhani amekuamini? Aliyeamini hapo ni wewe peke yako.

Hebu soma tena ulichoniandikia. Kibao chako kinakuambia kifaa kingine kimefika wapi. Unafikiri chake ni bubu? Kila anapokifungua kinampa habari zako, na humo nyumbani mwenye kibao kingine ni mmoja, yule anayekiegemeza kwenye cherehani. Mzee anajua, tena anajua tangu mwanzo. Halafu ulipoacha kusoma, naye akaacha. Riwaya haikuwa imemwishia na macho hayakuwa yanamuuma, alikuwa anakusubiri! Lile swali la asubuhi wewe umeliita huruma. Mimi naona mzee ambaye subira imemwisha, anataka kujua mambo ya ile barua yameishia wapi, na mwenzake amezama kwenye sare za shule.

Na yale maoni, mwalimu haandiki pembeni ya daftari ili ajisomee mwenyewe. Anamwandikia mwenye daftari.

Umenitajia mchezo wa redio na chai inayofurika, kisha ukapita haraka kama vile hayakuhusu. Hapo ndipo kiini cha barua yako kilipo. Mtu wake wa kubishana naye aliondoka, na uzembe wako wa barua pepe ukampatia mwingine bila mtu yeyote kupanga. Leo unataka kumnyang'anya kwa sababu ya majalada? Kwa hilo sikuungi mkono hata kidogo.

Unaogopa heshima itavunjika. Heshima ipo mahali pake. Hajakutaja mbele ya watu, hajamwambia mwanawe, amechagua kusema pale ambapo ni wewe tu utaona. Siri yako ameitunza kuliko ulivyoitunza mwenyewe.

Sasa fanya hivi, na usinicheleweshe. Vitabu vya shinikizo la damu mwekee wewe, leo, umfungulie kimoja ili jalada lake likae juu kabisa. Riwaya zako zikusanye kwenye folda moja, uiandike "Hesabu: Marudio". Wifi yako hataigusa, karani wa benki hesabu zinamtosha kazini. Zile ambazo hata ukiwa peke yako zinakuchoma masikio, hizo ziondoe kwenye kibao chake, maana si kila kitu ni cha kusoma na mkwe. Na mume wako mweleze ukweli kabla hajamfikisha baba wa watu kwa daktari akajieleze kwa nini anauliza habari za barua.

Ukimaliza hayo, weka sare pembeni. Fungua ile sura uliyomkwamishia mzee, na chini ya swali lake andika jibu lako. Usimkubalie upesi, hajakungoja muda wote huo aje apewe "ndiyo, baba". Anza na "Hapana, baba, hapo sikubaliani nawe," kisha mpe sababu, na umwonyeshe njia uliyotumia. Asubuhi ukimwamkia, mtazame usoni.

Na jioni iangalie chai, itafurika.