Mwano Ambao Paskazia Lushinge Hakuusikia

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Pantaleo Luhende Mabula. Umri: miaka 67. Kabila: Msukuma. Dini: Mkristo. Kazi: mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, sasa mkulima. Makazi: kitongoji cha Senta, kijiji cha Igalamabwe, kando ya barabara iendayo Nyarugusu, Geita. Tarehe 22/8/2024, saa 4:10 asubuhi.

Koplo Adam amenionya kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemjibu kwamba nilichokuja kueleza kinaniaibisha mimi mwenyewe, na mtu hatungi uongo wa kujiaibisha.

Namfahamu mlalamikaji, Paskazia Lushinge, miaka 34, fundi cherehani. Ni kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne. Naomba afande aandike kiziwi, asiandike bubu. Sauti anayo, akicheka, wateja wa duka la tatu wanageuka. Alisoma hadi darasa la saba katika shule ya viziwi, na anaandika Kiswahili kizuri kuliko nusu ya serikali yetu ya kijiji. Mimi najua alama chache za mikono alizonifundisha. Mengine tunaandikiana.

Mnamo tarehe 13/5/2024, saa tano asubuhi, kulikuwa na mkutano wa kijiji wa kugawa vibanda vya soko jipya. Kibanda kinapewa kaya iliyo kwenye rejista. Paskazia anaishi peke yake na kujilisha mwenyewe, lakini alikuwa ameandikwa chini ya kaya ya kaka yake, Marcel, pamoja na watoto. Aliniomba nimsemee. Nilisimama nikasema sheria ni moja kwa wote, aandikwe kaya yake.

Kamanda wa sungusungu, Stanslaus Ngeleja, niliyemfundisha darasa la tatu, aliniuliza, "Shikamoo Mwalimu. Kwa hiyo haki zote na wajibu wote?"

Nikamwambia, "Marahaba. Vyote."

Walipiga makofi. Paskazia akaandikwa kaya namba 118 na akapata kibanda.

Afande amesema yeye ni mtu wa Tanga, kwa hiyo naeleza. Kwetu mtu akiibiwa au akivamiwa hupiga yowe, nalo linaitwa mwano. Anayelisikia analipokeza kwa mwingine, na kila kaya lazima itoe mtu mmoja akimbilie huko. Kaya isiyotoa mtu inalipa mbuzi. Isiyolipa inatengwa: haisalimiwi, haipewi moto wala maji, haisagiwi nafaka, wala hakuna anayenunua kwake. Anayevunja katazo hilo anatengwa naye. Wazee walikuwa na sababu. Mahali ambapo polisi wako mbali, yowe ndilo polisi.

Siku ile ya rejista nilikumbuka kwamba Paskazia hawezi kusikia mwano. Nilitaka kuomba jirani mmoja apewe jukumu la kwenda kumgusa bega. Sikuomba. Nilihofia watu waseme, kumbe bado ni wa kubebwa, na kibanda kikapotea. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Mnamo tarehe 6/8/2024, saa nne asubuhi, mwano ulipigwa upande wa mashariki. Ng'ombe wa Benjamini Sollo walikuwa wameibwa malishoni. Watu wote wa Senta tulikimbia. Mimi nilipita mbele ya kibanda cha Paskazia kwa fimbo yangu. Alikuwa ameupa mlango mgongo, anashona sare za shule. Nilidhani aliye nyuma yangu atamwambia. Baadaye niliwauliza sita waliopita pale. Kila mmoja alidhani aliye nyuma yake atamwambia.

Mnamo tarehe 9/8/2024, saa tisa alasiri, mkutano uliitwa kusoma majina ya kaya ambazo hazikutoa mtu. Ilikuwa moja tu. Nilisema, "Huyu hakusikia. Hakukaidi."

Stanslaus akasema, "Mwalimu, mbona ulitufundisha mwenyewe? Sheria moja kwa wote. Au ni moja siku ya vibanda tu?"

Mama mmoja nyuma akadakia, "Ya vibanda anasikia, ya ng'ombe hasikii!" Watu wakacheka sana. Paskazia alikuwa amekaa mbele. Alipoona watu wanacheka, naye akatabasamu.

Nilitaka kumtafsiria. Stanslaus akaniambia, "Mwalimu kaa. Wengine wote humu wanatafsiriwa na nani?" Nikakaa. Adhabu ilisomwa kwa mdomo: mbuzi mmoja ndani ya siku tatu. Mbuzi hana. Kaka yake anao, lakini alisema kaya zimeshatenganishwa.

Kuanzia tarehe 12/8/2024 alitengwa, na hakuna aliyemwambia. Asubuhi ile nilimkuta kisimani. Alinipa mikono miwili kama anavyonisalimia siku zote. Nilitazama ndoo yangu nikapita. Jioni nilikuta karatasi chini ya mlango wangu, mwandiko wake, imeandikwa: "Mwalimu, kuna msiba? Mbona watu hawanitazami?" Tarehe 14 ikaja nyingine: "Mashine wamekataa kusaga mahindi yangu. Nimekosa nini?" Zote mbili nimemkabidhi afande. Sikujibu hata moja. Mke wangu, Sesilia, aliniambia, "Baba Klara, mjibu huyo mtoto wa watu." Nikamwambia tutatengwa. Yeye hakubishana. Usiku huo alipeleka unga mwenyewe, akamwandikia kwa mkaa ukutani kwamba ametengwa na kwa nini. Mke wangu aliishia darasa la nne.

Mnamo tarehe 20/8/2024, saa nane mchana, nilikuwa kwenye kibaraza cha duka la dawa, hatua kama ishirini kutoka kibanda cha Paskazia. Nilimwona Stanslaus akija na Fredy Kulwa, wote wa sungusungu, wakiwa na rungu. Hawakuwa na barua ya mtendaji wala ya mahakama. Waliingia wakainua cherehani, nikasikia Stanslaus akisema kitashikiliwa mpaka mbuzi apatikane. Paskazia alikishika gurudumu. Cherehani hicho ndicho kazi yake na chakula chake, hana shamba. Wakavuta, akavutwa nacho mpaka nje. Fredy alimpiga rungu mara mbili kwenye mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Mara ya pili nilisikia mfupa.

Hapo akapiga yowe. Halikuwa na maneno, lakini kila Msukuma aliyekuwa Senta alijua ni nini. Alipiga mara tatu, uso juu, kama mwano unavyopigwa.

Niliangalia barabara. Watu walikuwa milangoni. Nilihesabu kumi na tisa. Hakuna aliyeupokeza, hakuna aliyetoka. Mimi nilisimama, nikafika ngazi ya chini ya kibaraza, nikaishia hapo mpaka walipoondoka na cherehani. Kisha ndipo nikaenda. Nilimfunga mkono kwa kanga, nikampeleka zahanati kwa bodaboda. Njiani hakunitazama.

Kwa sheria yetu wenyewe, kila kaya iliyosikia yowe lile na isitoe mtu inadaiwa mbuzi. Jana nilikwenda kwa Stanslaus nikamwambia aanze na wangu. Akasema, "Mwalimu, nenda kapumzike. Ule haukuwa mwano. Alikuwa analia tu."

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo. Sikumwona mwingine akimpiga zaidi ya Fredy Kulwa, na nikiitwa mahakamani nitasema hivi hivi mbele yao. Nimesomewa, nimeyakuta sawa, isipokuwa mahali pawili afande alipoandika bubu, ambapo nimekata kwa kalamu yangu na kuweka sahihi pembeni.

(Sahihi) P. L. Mabula

Maelezo ya askari: Nimeyaandika mimi, Koplo Adam, na kumsomea shahidi kwa Kiswahili. Mlalamikaji yupo kaunta tangu saa moja asubuhi. Ameleta kurasa nne alizoandika kwa mkono wa kushoto. Hazikupokelewa kwa kuwa hazikuandikwa mbele ya askari, na mkalimani hayupo. Shahidi ameombwa atoe na kusaini maelezo kwa niaba yake ili jalada liendelee. Amekataa, akisema mwenyewe yupo na ameshaandika. Mlalamikaji ameelezwa kwa mdomo kwamba arudi Jumatatu. Saa 6:25 mchana.