Ufunguo wa Mashine ya Wakfu

Jumatatu, 6 Februari 1967

Matone ya chanjo ya polio yamefika! Sanduku lilishuka bandarini Mtangawanda asubuhi, likaja Faza juu ya punda. Nimelitia kwenye friji ya dispensari kabla sijavua viatu, maana matone yakipata joto yanaharibika. Daktari wa Lamu atakuja Jumatatu ijayo kuwapa watoto wa hapa na wa Siyu. Amri yake kwangu mimi muuguzi: lisifunguliwe kabla hajafika. Hadia, binti wa jirani yangu Radhiya, aliugua mwaka jana kabla ya dawa hii kuletwa. Sasa anaburuta mguu. Mdogo wake, Umi, bado ananyonya. Huyo simwachi.

Mashua hiyo hiyo imeleta ofisa wa serikali, Bwana Wanyama, mtu wa bara kama mimi. Nikampa maji baridi. Akayasifu – kisha akauliza baridi yake inatoka wapi. Mdomo uliponza kichwa. Nikamwonyesha waya unaotoka kwa Bwana Khatib.

Jumanne, 7 Februari

Mkutano. Bwana Khatib ana mashine ya dizeli ya kugandisha barafu ya samaki. Umeme unaozidi hutugawia sisi, msikiti na nyumba chache. Mwenye taa huleta dizeli kidogo, basi. Wanyama kasema huko ni kuuza umeme, na sera ni moja: auze mwenye leseni. Leseni ya huku ni ya kampuni, na kampuni haina mpango na Faza mpaka wateja watoshe. Watatoshaje, na umeme hawana?

Kasema sheria inamlinda maskini asinyonywe na mwenye mashine. Si uongo, kwetu nimeyaona hayo. Lakini hapa kanyonywa nani? Nimekasirika hadi chai imenishinda.

Jumatano, 8 Februari

Bwana Khatib kaita mashahidi, kaiweka mashine wakfu. "Si yangu tena, Bwana. Ni ya Mngu, kwa ndia ya wagonjwa." Haiuzwi, hairithiwi, hapewi mtu. Watu wakafurahi – nani atamshtaki Mungu kwa kuuza umeme?

Wanyama akashika kichwa. Kumbe dispensari ya serikali inaruhusiwa kuwa na mashine yake! Bwana Khatib angeipa serikali tu, yangekwisha. Sasa hawezi, imeshamtoka mikononi. Wema wake ndio umetufunga. Nilitaka kulia mbele za watu.

Mashine imezimwa, kibanda kimetiwa kufuli. Ufunguo kapewa nani? Mimi. Eti mimi ndiye serikali hapa. Nikifungua bila ruhusa, kazi sina. Wanyama kaenda Lamu kuuliza wakubwa. Bwana Khatib kanipa barafu yake yote iliyobaki, nimelizungushia sanduku la matone.

Ijumaa, 10 Februari

Barafu inayeyuka.

Baada ya swala, hodi. Mzee na galoni ya dizeli. Kaiweka mlangoni, kaondoka. Kisha mwingine. Kufika alasiri kibaraza changu kinanuka kama gereji. Nikamuuliza Radhiya kama wamerukwa na akili. Kasema wakfu lazima uwe na msimamizi, na msimamizi ni mwenye ufunguo. Serikali yenyewe ndiyo iliyonichagua.

Mimi! Mwimba kwaya wa Kisumu!

Nikamweleza kwamba nimepewa ufunguo ili mlango ubaki umefungwa.

"Kwani ufunguo hufunga tu?" kaniuliza. Hakuwa anacheka. Umi alikuwa amelala begani kwake.

Jumamosi, 11 Februari

Mashua ya Lamu imekuja bila Wanyama. Bila neno lolote. Barafu imebaki kama kipande cha sabuni.

Mshahara wangu unasomesha wadogo zangu. Nimelisema hilo kwa sauti, peke yangu chumbani. Naogopa.

Bwana Khatib kaja, kakaa kibarazani katikati ya magaloni. Hakuomba ufunguo. Afadhali angeomba, ningemkatalia. Nikamwambia yeye ndiye ajuaye kuiwasha. Kasema kujua anajua, lakini hawezi kuigusa mashine isiyo yake bila msimamizi kumwamrisha.

"Nangoja neno lako, Bi Nerea."

Nimemwambia angoje nimalize kuandika. Anangoja. Hadia anamletea kahawa – sihitaji kuchungulia, mwendo wake naujua kwa kuusikia.

Nimevaa viatu. Ufunguo ninao mkononi.