Vidonge Chini ya Mto

Mogitu, Jumanne

Martha, mke wa mwanangu, mjinga wewe! Mkwe gani huyu? Leo nimetandika kitanda chake nikakuta vidonge sita vya maumivu chini ya mto. Siku ya tatu tangu atolewe kifuko cha nyongo kwa upasuaji wa vitundu vinne tumboni, kila nikiingia ni "Shikamoo mama, naendelea vizuri," na kumbe hata kukohoa hawezi.

Nikamfokea. Akalia. "Mama, si ulisema ulizaa saba bila kidonge?"

Nilisema, kwa majivuno. Sikumwambia nilivyopiga kelele mpaka ng'ombe wakakata kamba. Leo nimemwambia. Akacheka huku kashika tumbo, akameza kidonge.

Nampenda kuliko mwanangu. Naogopa atajikausha tena.

Kesho ale uji, ameze kidonge maumivu yakiwa bado madogo, kisha nimshike mkono tutembee mpaka barabarani.