Bondeni Hakuna Simba

Jumatatu, 4 Machi

Kampuni ya utalii aliyokuwa akiiendeshea magari marehemu mke wangu imepiga simu. Wanatupa gari na dereva, siku mbili, familia nzima, mbuga yoyote tutakayo. Ni kwa heshima yake, karani alisema. Miaka yote hiyo amewapeleka watalii mbugani, na mimi sijawahi kuona hata twiga! Alikuwa akiniambia, "Mwezi ujao, mume wangu." Msimu ukiisha, wageni wanakuja wengine.

Karani anataka jibu wiki ijayo. Jibu ninalo tayari — Bondeni. Ile mbuga ndogo. Ndiyo aliyoipenda.

Jumatano, 6 Machi

Nimewaambia wakwe. Ningejua ningenyamaza.

Shemeji, kaka yake mke wangu — mtaani wanamwita Meneja, ingawa hajawahi kusimamia hata foleni — aliuliza kama Bondeni kuna simba. Hakuna, nikasema. Sasa kuna nini? Tembo wachache, nyati, ndege wengi. Akacheka mpaka akakohoa. Ndege! Asafiri siku nzima akatazame ndege, na kuku wake wako uani?

Mama mkwe hakucheka. Alisema, bila kuniangalia, kwamba mshona viti vya magari hawezi kuwachagulia watu mbuga. Tutakwenda Mbuga Kubwa, ile ya kwenye televisheni, basi.

Viti vya gari la binti yake nilivishona mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeshona turubai kutwa. Sindano imevunjika, nikaweka nyingine, nayo ikavunjika. Mawazo.

Mke wangu akirudi kutoka Mbuga Kubwa alikuwa anakaa na buti zake miguuni, hasemi. Huko madereva wanaitana kwa redio, magari yanamzunguka duma mmoja kama watu waliokamata mwizi. Akitoka Bondeni, buti anazivulia mlangoni na kuanza kusimulia kabla hajanawa uso. Huko alikuwa anazima injini na kuwaambia wageni wafunge midomo. Ukitulia, eti, unasikia tumbo la tembo linanguruma! Na kuna nyati mzee, pembe moja imekatika. Alikuwa akimwamkia: "Shikamoo, babu." Wageni wanadhani ni maombi.

Nimecheka peke yangu kwenye cherehani.

Jumapili, 10 Machi

Wakwe wamekuja. Hata maji hawakunywa.

Meneja: Bondeni kuna mbung'o wanaouma mpaka ndani ya jinzi. Meneja tena: wenzake wakimuuliza picha ya simba, awaonyeshe ya kunguru? Nikamwambia taratibu, shemeji, dada yako alikuwa anapapenda.

Mama mkwe akapiga meza. "Usinifundishe alichopenda mwanangu! Mimi nimemzaa. Wewe umemkuta mkubwa!"

Nikasema nitafikiria. Wakaondoka kama watu walioshinda kesi. Kitambaa cha meza nilikinyoosha baadaye. Kilikuwa kimekunjamana tu, sijui kwa nini kilinichukua muda mrefu.

Jumanne, 12 Machi

Karani amepiga kuuliza kama nathibitisha Mbuga Kubwa, "kama ulivyotuambia jana." Jana sikumpigia mtu.

Meneja! Amejifanya mimi!

Mimi si mtu wa ugomvi. Nikamwambia karani aandike Bondeni, na mtu mwingine akipiga kwa jina langu, asimsikilize. Wakwe sijawaambia. Watajua wakishapanda gari.

Mchana nikalala usingizi mzuri. Naona haya kuliandika hilo.

Jumamosi, 16 Machi

Gari liko nje. Mimi niko chumbani, nimekomea mlango.

Walifika asubuhi wamependeza, Meneja ana darubini shingoni. Dereva alifanya kazi na mke wangu, kijana mchangamfu. Akawaambia, kwa furaha kabisa, kwamba amefurahi tumechagua Bondeni, pale kwa dada. Basi! Meneja akanikamata ukosi. Akaniita nyoka mwenye miwani. Nikamjibu, na wewe uliyejifanya mume wa dada yako? Majirani wakafungua madirisha.

Mama mkwe akamwamuru dereva ageuze safari. Dereva akasema hawezi, na hatoki bila mume wa marehemu, ndivyo alivyoagizwa na ofisi. Nikasema ngoja nichukue kofia. Nikaingia, nikakomea. Sitoki mpaka wakubali Bondeni.

Honi.

Mama mkwe yuko mlangoni. Mwanzoni alibisha kama polisi. Akaniita mchoyo. Nikamjibu nikiwa huku ndani: mchoyo wa nini, mama? Gari lina viti saba, wote mnaenea!

Nikasikia anakaa chini, mlango ukalia kidogo kwa uzito wake. Kisha akaongea, si kwa sauti ile ya kila siku:

"Habari za Bondeni hakunisimulia hata siku moja. Akija kwangu alikuwa amechoka, anakula, analala. Maneno yote alikuletea wewe. Nikienda huko, kila mti utaujua wewe, na mimi nitakuwa nauliza-uliza kama mtalii. Habari za mwanangu mwenyewe! Mbuga Kubwa angalau sote ni wageni."

Nimeyaandika haraka, nisije nikayageuza baadaye.

Nimeshika komeo, nimeliachia.

Honi tena. Meneja anamwambia dereva aje avunje mlango, dereva anamwambia avunje mwenyewe. Mama mkwe hajaondoka, namsikia anavyopumua. Haniiti tena mchoyo. Natamani aniite tena, nipate kukasirika.